Viganja vya Mzee Nikolao

Mgeni alipopiga hodi, Dorika alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa kisima chake, kichwa kimezama ndani, anatazama maji.

Pale Mkunya mwezi wa tisa ndio mwezi wa kutazama maji. Mvua iliyopita imekwisha kusahaulika, ijayo bado iko mbali, na bomba la kijiji hutoa maji siku linapopenda lenyewe. Mwenye kisima cha kuvuna maji ya paa huinua kifuniko, akachungulia, akajua kama atafika masika au ataishia njiani. Mwaka huo Dorika aliona atafika. Alikuwa amebana matumizi tangu mvua zilipokatika, kwa sababu binti yake Yuliana, fundi cherehani kule Masasi, alikuwa anakuja kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama wafanyavyo mabinti wa huko juu uwandani. Yuliana alisitasita kwenye simu. Alisema Mkunya maji ni shida, heri abaki mjini. Dorika akamwambia aje tu, kisima kimejaa. "Hutabeba ndoo hata moja. Nakuahidi."

Aliinuka, akajipangusa magoti, akaitikia hodi.

Aliyesimama uani alikuwa bibi mrefu, mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Kichwani alikuwa na mzigo mdogo lakini mzito, maana shingo ilikuwa imekazana. Nyuma yake msichana wa umri wa shule ya msingi alikuwa ameshika viatu vyake mkononi ili visiishe.

"Shikamoo, bibi," Dorika alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa wajenzi wa Nikolao?"

Dorika, ambaye naye alikuwa na mvi, alitabasamu kuitwa mwana. Akawakaribisha mkekani, akawapa maji ya kunywa. Bibi akasema anaitwa Zuhra, anatoka Mnyambe, na huyo ni mjukuu wake, Pili. Walipanda lori la mihogo, likawashusha njia panda, kipande kilichobaki wakakimaliza kwa miguu. Kisha akaushusha mzigo, akafungua kanga, na ndani yake hakukuwa na kuku wala unga wa zawadi. Kulikuwa na tofali bichi, la udongo mwekundu, lililotunzwa vizuri kama sahani ya wageni.

Juu ya tofali kulikuwa na alama za viganja viwili vilivyogandamizwa udongo ukiwa bado laini. Kimoja kikubwa, chenye kidole cha shahada kilichokatika katikati. Kingine kidogo, cha mtoto, na kwenye kifundo cha mkono vitundu vitundu vya shanga.

Dorika hakuhitaji kuambiwa kiganja kikubwa ni cha nani. Kilikuwepo mlangoni pake mwenyewe, kando ya chake yeye, upande wa kulia, kwenye tofali ambalo kila aingiaye hulipita.

"Mzee Nikolao hatunaye tena, bibi," alisema taratibu. "Tulimzika masika iliyopita."

"Nilisikia," Zuhra akajibu. "Mungu amrehemu. Lakini aliniambia nije hata asipokuwepo."

Hapo ndipo ilibidi Dorika akae chini vizuri, maana alijua kinachofuata ni maneno marefu.

Kundi la wajenzi la akina Dorika linaitwa Tujengane, na lilianza Yuliana akiwa bado mtoto. Mwaka huo upepo wa masika ulipita Mkunya ukanyofoa mapaa ya nyasi kama mtu anayenyofoa mboga. Dorika alikuwa mjane mpya, amejibanza na mtoto chini ya meza. Asubuhi yake akaja Nikolao, fundi mwashi aliyetumia ujana wake wote Masasi akijenga nyumba za wengine, akarudi kwao na mwiko, pima maji na kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali. Hakumuuliza Dorika kama ana fedha. Alimuuliza mlango anataka utazame wapi.

Udongo haukuwa tatizo huko juu, na mikono ilipatikana. Kilichokosekana ni maji. Chemchemi iko bondeni, chini ya mteremko mkali, na kila tofali lililofyatuliwa Mkunya lilikuwa limepanda mlima huo kichwani mwa mwanamke fulani. Ndipo Nikolao akabuni namna ya kazi ambayo Tujengane haijaiacha mpaka leo. Wanaanza na shimo. Udongo unaotoka shimoni ndio unaokuwa matofali, na shimo lenyewe hupigwa lipu likawa kisima. Nyumba ikipanda na bati likiezekwa, mvua ya kwanza inateremka kutoka paani mpaka pale pale nyumba ilipotoka. Na mwenye nyumba hatozwi kitu ila neno moja, kwamba nyumba inayofuata itafyatuliwa kwa maji ya kisima chake. Mabati yalitoka kwenye korosho, kila mwanakundi akitenga kidogo wakati wa mavuno, Mkristo na Mwislamu, mwenye shamba kubwa na mwenye miti ya kuhesabika.

Ilikuwa kazi ya pole pole. Wakati mwingine nyumba moja ilichukua mwaka. Nikolao ndiye aliyekuwa hana subira. Kundi lilimkataza asimwahidi mtu yeyote kabla nyumba iliyopo haijakamilika, kwa sababu nguvu zao zilikuwa ndogo. Alikubali mbele yao.

"Alikuja Mnyambe kwenye msiba," Zuhra akaendelea, "akaona ukuta wangu umepasuka. Akachanganya udongo pale pale uani, akafyatua matofali mawili. Akaweka mkono wake, na mkono wa mtoto huyu, kwenye yote mawili. Hili akaniachia, lingine akachukua yeye."

"Mawili?"

"Mawili. Alisema siku nyumba ikisimama, langu litaingia ukutani mlangoni, na la kwake atalivunja arudishe udongo shambani. Likiwa bado zima, basi neno lake bado."

Dorika akasimama, akajifunga kanga nyingine kiunoni, akawaambia wamfuate.

Kaburi la Nikolao liko pembeni mwa shamba lake la mikorosho, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Alipofariki, wanakundi waliingia stoo yake kuchukua vifaa, wakakuta matofali yenye viganja yamepangwa nyuma ya mlango. Kila mtu alijua Nikolao hufyatua tofali la akiba, endapo la kwanza litapasuka. Wakaamini ni pacha wa matofali ambayo tayari yamo ukutani kwenye nyumba alizojenga. Husseni, fundi wao wa paa, ndiye aliyetoa wazo, na wote walilia walipolisikia: nyumba zake zimzunguke. Wakayapanga kulizunguka kaburi, wakayajengea juu paa dogo la bati yasilowe.

Sasa Dorika alisimama mbele ya kazi ile waliyojivunia, akaona kitu kingine kabisa. Hazikuwa nyumba alizojenga. Zilikuwa zile alizokuwa hajazijenga.

Pili alizunguka kaburi taratibu, akichuchumaa kwenye kila tofali. Upande wa miguuni akatulia. Akaweka mkono wake juu ya alama ndogo yenye vitundu vya shanga. Mkono ulikuwa umekua, vidole vikatokeza nje ya alama.

"Hiki changu," alisema.

Dorika akalinganisha na tofali la bibi. Shanga zile zile, na moja kubwa katikati.

"Na hivi vingine ni vya nani?" Zuhra akauliza.

"Sijui, bibi," Dorika akajibu. "Ila tutajua."

Jumapili jioni Tujengane walikutana barazani kwa Husseni. Zuhra na Pili walikaa pembeni kidogo, kwa adabu ya wageni, na tofali katikati ya mkeka kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Dorika aliwaeleza. Alipofika kwenye habari za kaburi, Husseni alifunika uso kwa kofia yake.

"Mzee huyu," akasema kutoka ndani ya kofia, "hata kaburini anatupangia kazi. Na mimi nimezifungia kazi zake kaburini nikidhani napamba."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioumia. Ida hakucheka. Ida ndiye aliyekuwa akimkemea Nikolao kwa kutoa ahadi, na ndiye aliyetunza korosho za kundi tangu mwanzo bila kupotea hata debe. Alisema anamheshimu bibi, lakini watu watazame hali ilivyo. Korosho zimeanza kuanguka, kila mtu yuko shambani. Mwakani mapema wangeweza kuanza na nyumba hiyo, bila haraka.

Akamgeukia Zuhra. "Ukuta bado umesimama, bibi?"

Zuhra alisema ulianguka masika iliyopita, wa nyuma wote. Walimaliza mvua kwa jirani, na jirani mwenyewe sasa ameozesha mwanawe wa kiume, chumba kimepata watu. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetoa habari za shamba.

Ida akazungusha pete yake kidoleni. Halafu akasema sawa, mikono itapatikana. Watapokezana, wengine korosho, wengine tofali. "Lakini maji je? Tuambizane ukweli."

Nyumba ya mwisho waliyojenga, ambayo kwa desturi ndiyo ingetoa maji, iliezekwa mvua zikiwa zimekwisha. Paa lake lilikuwa halijaonja hata tone, na kisima chake kilikuwa kikavu kama debe jipya. Visima vya wengine vilikuwa vimebakiwa na maji ya kunywa tu. Kule Mnyambe majirani wangetoa walichoweza, ndoo kwa ndoo, lakini udongo wa tofali hunywa kuliko ng'ombe.

"Kisima chenye maji ni kimoja," Ida akasema, macho yakiwa kwenye mkeka. "Wote tunakijua. Na mwenyewe ana mzazi njiani. Mimi siwezi kumwomba mtu hilo."

Dorika alitazama tofali. Alikumbuka Nikolao, alipokuwa akimalizia lipu ya kile kisima, amesimama ndani ya shimo mpaka kichwa tu ndicho kinaonekana, akimuuliza kama kweli maji haya atayatoa yakihitajika. Naye, akiwa na furaha ya kupata nyumba, akajibu upesi kwamba atayatoa, tena akacheka. Aliyatoa kweli kwa nyumba ya pili, na kwa siku zote hizo alijihesabu amemaliza. Lakini Nikolao hakuwa amesema nyumba ya pili. Alisema yakihitajika.

"Yachukueni," alisema.

"Mama Yuliana," Husseni akaanza.

"Nimesema yachukueni. Mniachie ya kunywa na kupikia."

"Na Yuliana je?" Ida akauliza, sasa anamtazama usoni.

"Yuliana nitamjua mimi."

Husseni aliazima guta la mizigo, lile la pikipiki ya matairi matatu, na kuanzia siku ya pili yake likawa linakwenda Mnyambe na kurudi, limejaa madumu mpaka springi zinalia. Kila lilipopakiwa, Dorika alisimama kwenye mdomo wa kisima na kamba, akivuta mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine ndiye ayatoe. Sauti ya ndoo kugonga maji ilizidi kwenda chini siku hadi siku. Mwishowe ndoo ikawa inagonga sakafu, inakwaruza.

Mnyambe kazi iliwaka. Walichimba shimo uani kwa Zuhra, wanawake wakakanyaga udongo huku wakiimba nyimbo za unyago ambazo wanaume walijifanya hawazisikii. Ida alifika na kalibu ya Nikolao mkononi, akasema amekuja kutazama tu, na jua lilipopanda alikuwa na matope mpaka mabegani. Matofali yalianikwa kwa safu, yakafunikwa nyasi yasipasuke kwa jua. Zuhra hakukubali kukaa. Alipoambiwa apumzike alisema amepumzika tangu ukuta ulipoanguka, inatosha.

Yuliana alipanda kutoka Masasi na gari lililoleta mabati ya nyumba ile ile, yeye mbele na tumbo lake, mabati nyuma yakipiga kelele kila kona ya mlima. Alipofika nyumbani alitaka kuchungulia kisima, kama alivyozoea tangu utotoni, aone uso wake chini. Mama yake alikuwa ameweka kinu juu ya kifuniko.

"Acha hicho, utajiumiza mgongo," Dorika alimwambia. "Maji yamo mtungini. Yakiisha, nitajaza."

Naye akajaza. Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajachoka, Dorika alishuka bondeni kwa njia ambayo alidhani ameshaiaga. Kushuka hakukuwa kazi. Kupanda ndiko kulikomkumbusha umri wake. Goti la kushoto lilikuwa na malalamiko ya siku nyingi, na ndoo kichwani haina huruma na goti. Alijifunza kupumzika pale kwenye mawe mawili, kisha kwenye mkorosho uliopinda, kisha asipumzike tena mpaka nyumbani, kwa sababu akipumzika mara ya tatu mwili ulikataa kuinuka. Wasichana waliompita njiani walimsalimia shikamoo kwa mshangao, wakajitolea kumbebea. Aliwashukuru, akakataa. Neno lilikuwa lake.

Siku nyingine alikaa pale kwenye mawe akamlaumu Nikolao kwa sauti, kama vile amekaa naye. Alimwambia kwamba mtu mwenye akili haahidi watu wa vijiji vyote vya Newala akiwa na vidole tisa na nusu. Halafu akajikuta anacheka, akajitwisha, akapanda.

Nyumba ya Zuhra iliezekwa mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Dorika alikwenda siku hiyo, ameacha ndoo mbili zimejaa nyumbani. Tofali la bibi lenye kiganja cha Pili liliingia ukutani mlangoni, upande wa kulia. Lile pacha lake walilitoa kaburini, na Husseni akamkabidhi Pili nyundo. Msichana alilitazama sana. Kisha akalivunja, akabeba vipande kwenye sketi yake ya shule, akavimwaga kwenye matuta ya mihogo ya bibi yake.

Kwenye kaburi palibaki pengo. Husseni alitaka kuweka tofali jingine ili mstari ukae sawa. Ida alimkataza. Alisema libaki hivyo hivyo, na yaliyosalia nayo yatoke moja moja. Wiki hiyo hiyo, alipopeleka korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, alionekana akimuuliza kila mtu kwenye foleni kama kwao kuna mtu aliyewahi kuachiwa tofali lenye mikono. Mwanamume mmoja kutoka vijiji vya mbali akashusha gunia lake, akauliza kwa nini anataka kujua.

Yuliana alijifungua mtoto wa kike katika kituo cha afya, salama, na siku ya pili akarudishwa nyumbani. Mtoto mchanga huogeshwa asubuhi na jioni, maji ya vuguvugu, na mama yake vile vile hukandwa. Nguo nazo hazina mwisho. Mtungi uliokuwa ukitosha ukawa hautoshi, na Dorika akaanza kushuka bondeni alfajiri na tena alasiri, akidanganya kwamba anakwenda kuangalia korosho. Mvua ilikuwa imenukia tu, haijashuka.

Asubuhi moja alichelewa. Goti lilimkatalia kwenye mkorosho uliopinda, akasimama pale mpaka jua likachomoza kabisa. Alipoingia uani, ndoo kichwani na mkono mmoja umeshika kiuno, Yuliana alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Kinu kilikuwa kimesogezwa. Kifuniko cha kisima kilikuwa wazi.

Walitazamana. Maji yalimchuruzika Dorika shingoni, akayaacha.

"Mama," Yuliana alisema. "Uliniambia kisima kimejaa."

"Kilikuwa kimejaa nilipokuambia."

"Kwa hiyo siku zote hizi ni wewe..."

"Nilikuahidi hutabeba ndoo hata moja," Dorika alisema. "Umebeba?"

Yuliana alitikisa kichwa.

"Basi nipishe mlangoni. Mtoto hajaoga."

Yuliana akasogea. Dorika akainama kidogo ndoo isigonge kizingiti, akapita karibu na tofali lenye viganja viwili, akaingia ndani kuwasha moto.